Upepo wa Ziwa na Kofia ya Mwendesha Pikipiki katika Njia ya Bukoba na Muleba

Katika nchi iliyo upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ambayo serikali iliiita kwa miaka mingi Mkoa wa Ziwa Magharibi na ambayo tangu mwaka 1979, vita vilipokwisha kuondoka mipakani mwake, inaitwa Kagera, kofia ngumu yenye kioo imekuwa vazi la kawaida la vijana wa kazi, hata mgeni ashukaye leo katika bandari ya Bukoba au katika stendi ya Muleba huweza kudhani kuwa vazi hilo limekuwapo siku zote. Umri wake ni mfupi. Watu wengi husema kwamba limeletwa na sheria na askari wa barabarani, nami sikatai kuwa sheria ina sehemu yake katika habari hii. Lakini nikiitazama tarikhi ya njia zetu tangu zama za miguu hadi zama za lami, naona kwamba aliyemfundisha mwendesha pikipiki wa huku kuijali kofia yake, kuukaza mkanda wake na kukichunga kioo chake, ni upepo, na kwamba upepo wenyewe haukuwa na nguvu juu ya msafiri mpaka barabara ilipompa mwendo.

Upepo wa pwani hii ya ziwa hauendi ovyo. Jua likisha kupanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu ya nchi ikapaa, na hewa baridi ya ziwani ikaja kushika nafasi yake, ndiyo maana mchana upepo hutoka mashariki na kupanda miteremko ya mawe ya Bukoba, Kemondo na Ihangiro. Na usiku mambo hugeuka, nchi ikapoa, upepo ukashuka kuelekea majini, ukakutana huko na pepo zitokazo kingo nyingine, na kutokana na makutano hayo yakazaliwa mawingu ya radi ambayo husukumwa kuja huku magharibi. Hiyo ndiyo sababu ya Bukoba kupata mvua nyingi kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na aghalabu kuipata alfajiri, saa zile ambazo mwenye pikipiki hutoka nyumbani kutafuta abiria wa kwanza. Wahaya wa zamani waliyanasibisha mambo hayo na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na waendao majini walimheshimu kwa sababu walijua kuwa riziki yao na mauti yao yalikuwa mkononi mwake.

Aliyekaa nchi kavu alikuwa na hifadhi nyingine. Kijiji cha Kihaya kimejengwa ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba iliyochanganywa na mibuni na miti mikubwa, na ndani ya kibanja upepo hupotea kabisa, hata majani ya juu yakivuma mtu aliye chini hasikii ila mchakacho. Na nyumba ya kale, ule msonge uliofunikwa nyasi toka kileleni mpaka ardhini, haukuwa na ukuta wala pembe ya kupigwa na dhoruba. Baina ya kijiji na kijiji kuna rweya, nyika ya majani mafupi isiyo na mti wa kukinga, na huko ndiko upepo utawalako. Nawaomba wasomaji waishike tofauti hiyo ya kibanja na rweya, maana barabara zetu hupita humo mote kwa zamu, na msafiri hutoka utulivuni akaingia upepo kwa ghafula, kisha akarudi utulivuni, mara nyingi katika safari moja.

Kwa mwenda kwa miguu hilo halikuwa jambo. Emin Pasha alipokita kituo cha Wadachi Bukoba mnamo Novemba 1890, na wamisionari wa White Fathers walipojenga Kashozi miaka miwili baadaye, mizigo ilikwenda vichwani, na mwenye mzigo kichwani humsikia Mugasha kwa mvua kuliko kwa upepo. Hata baiskeli, ambazo zilienea kwa fedha za kahawa, hasa katika miaka ya 1950 ambapo bei ya kahawa ilipanda na chama cha ushirika cha wakulima, Bukoba Native Co-operative Union, kilichoanzishwa mwaka 1950, kilikuwa kikikusanya mazao vijijini, hazikumfanya mtu aufikirie upepo ila pale alipokuwa akipanda mlima. Mwenye baiskeli ya Raleigh alivaa kofia ya kitambaa au kanzu na tarbushi siku ya Ijumaa, na kama tarbushi ilipeperuka aliteremka akaiokota.

Pikipiki za kwanza zilizojulikana vijijini zilikuwa za watu wa kazi maalumu: mapadre, wachungaji, mabwana shamba na watumishi wa afya, ambao walipita katika barabara za udongo mwekundu kwa mwendo ambao leo kijana wa bodaboda angeuona ni wa mgonjwa. Adui wao alikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Walivaa miwani mikubwa, wakafunga kitambaa puani, na walioshika kofia ngumu walifanya hivyo kwa kuwa ofisi zao ziliwapa. Wala hawakuwa na haja ya kioo cha mbele, kwa kuwa vumbi likishachanganyika na umande hukitia kioo utando ambao mtu haoni mbele. Katika barabara ya changarawe, yenye mashimo na mawe yaliyolegea, mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni mwendo wa mtu hodari, na kwa mwendo huo upepo ni burudani.

Hapa yafaa tutoke mkoani kidogo, maana kofia yenyewe ilikuwa na safari yake mbali na huku. Mwezi wa Mei 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, yule aliyepata sifa katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, aliwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka na pikipiki yake aina ya Brough Superior, akafa siku ya sita, tarehe 19, kwa majeraha ya kichwa. Miongoni mwa matabibu waliomwangalia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia, na mauti hayo hayakumtoka moyoni. Alipochunguza majeruhi wa pikipiki wakati wa vita vikuu vya pili, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, aliithibitisha faida ya kofia kwa ushahidi ambao jeshi halikuweza kuukana, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule jeshi la Uingereza likawalazimisha waendesha pikipiki wake kuivaa. Mimi humhesabu Cairns katika wafadhili wakubwa wa wanadamu, ijapokuwa jina lake halitajwi vijiweni.

Kofia ya wakati wa Cairns ilikuwa ya kizibo na ngozi na vitu vilivyogandamizwa. Haikufunika uso, na haikuwa na neno la kumwambia mtu kuhusu upepo. Mwaka 1953 huko California wagunduzi wawili, Roth na Lombard, walipata hataza ya kofia yenye tabaka la ndani linaloponda na kuimeza nguvu ya pigo, na hiyo ndiyo asili ya povu gumu jeupe ambalo kijana wa Muleba hulikuta akiifumua kofia yake iliyopasuka. Kisha mwaka 1968 kiwanda cha Bell kikatoa kofia inayofunika kichwa chote, kidevu na taya, yenye dirisha la kioo mbele, na waendesha magari na pikipiki za mashindano wakaishika upesi, kwa kuwa iliwakinga na ajali na papo hapo ikawatulizia upepo usoni kwa mwendo ambao macho matupu hayauwezi. Kofia hizo, na nyingine zilizofanana nazo kwa umbo bila kufanana nazo kwa ubora, ndizo zilizofika kwetu kupitia maduka ya vipuri.

Mlango wa kufikia ulikuwa mpaka. Biashara ya kubeba abiria ilianzia mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli, tangu miaka ya 1960, ikaenea Uganda yote, na watu wa Kagera, ambao wana ndugu na masoko ng'ambo ya Mutukula, walikuwa wakiiona kabla haijawa kazi ya Tanzania nzima. Lakini katika miaka ile nchi ilikuwa na mambo mazito zaidi. Mwezi wa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, watu wakakimbia na mifugo ikaporwa, na baada ya ushindi miaka mingi ilipita kabla njia za huku hazijapata hali njema. Lami ilikuja kwa vipande, mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii: toka Mutukula kupita Bukoba hadi Muhutwe, toka Muhutwe hadi Kagoma, na hatimaye ile ndefu ya kilomita 154 toka Kagoma kupitia Muleba mpaka Lusahunga, iliyoiunganisha nchi ya Ihangiro na barabara kuu ziendazo Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Katika miaka hiyo hiyo zikaingia pikipiki za bei nafuu kutoka India na China, Boxer na TVS na SanLG na nyinginezo, na kijana ambaye baba yake alikuwa akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi akajikuta anakwenda kilomita 80 kwa saa.

Hapo ndipo upepo ulipoingia katika maisha ya msafiri. Nguvu ya hewa juu ya mwili haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, basi yule aliyetoka kilomita 40 akafika 80 amejitwika mzigo mara nne kichwani na kifuani. Na zaidi ya uzito wake, upepo huo haukai mahali pamoja. Unapokutana na kitu kinachouzuia, ukingo wa kioo kidogo cha mbele, kwa mfano, au bega la mtu, hukatika na kujikunja nyuma yake kwa visulisuli vidogo vidogo, kama maji ya mto Kagera yanavyojizungusha nyuma ya nguzo za daraja la Kyaka, na visulisuli hivyo vikikipata kichwa hukitikisa kulia na kushoto kwa haraka kiasi kwamba mwendeshaji huona barabara inatetemeka. Shingo huchoka, masikio hupata kelele ambazo zikidumu miaka hudhuru kusikia, na akili ambayo ingelikuwa kwenye njia ikawa kwenye kichwa.

Vijana wa kijiweni walilijibu jambo hilo kwa maarifa yao, na kila mpita njia aliyeangalia ameyaona. Koti zito la baridi huvaliwa nyuma mbele, zipu ikawa mgongoni, ili upepo usipate tundu la kuingilia kifuani na kulijaza koti hewa; chini ya koti wengine hutia kipande cha boksi; kichwani huvaa mzula kwanza, kisha kofia juu yake. Haya yalikuwa ni kwa ajili ya baridi, lakini yamekuwa na fadhila ya pili, kwa maana nguo iliyobana mwili haipepei, na hewa inayopanda kutoka kifuani kwenda kidevuni hupungua vurugu yake.

Kioo cha kofia kina tarikhi yake ya peke yake. Miaka ya mwanzo wengi walikiondoa, kwa hoja kwamba kinaingia mikwaruzo, kwamba usiku taa za lori zikikipiga hutawanyika pote, na kwamba alfajiri ya mvua pumzi ya mtu hukitia ukungu. Hoja hizo ni za kweli, wala si uvivu. Lakini kofia iliyofunika uso ikiondolewa kioo hubaki na kinywa kipana, upepo ukaingia humo, ukakosa pa kutokea, ukaivuta kofia nyuma mpaka mkanda ukasonga koo; na kioo kilichoachwa wazi nusu ndicho kibaya kupita vyote, maana kimekuwa tanga. Walioelewa walikirudisha. Wakakifunga mpaka chini wakienda kasi, wakakiacha upenyo mdogo sana wakienda polepole kwenye mvua, wakakipaka ndani sabuni kidogo na kuifuta ikakauka, na kilichokwaruzika kupita kiasi wakakibadilisha badala ya kukitupa.

Kisha kuna senene. Novemba na Desemba, na tena baada ya mvua za masika, usiku, panzi hao ambao kila Mhaya huwapenda humiminika kwenye mwanga, na watu huwasha taa kubwa na kuweka mapipa na mabati ili kuwanasa. Ni neema, na watoto hawalali. Kwa mwenye pikipiki ambaye taa yake ndiyo mwanga pekee katika rweya, neema hiyo humjia usoni. Senene mmoja akilipiga jicho kwa mwendo wa kilomita 60 aweza kumwangusha mtu mzima, na akipiga kioo huacha doa la mafuta ambalo kitambaa kikavu hulieneza tu, hata ikabidi dereva asimame, amimine maji ya kunywa juu ya kioo, na afute kwa kitambaa safi kabla ya kuendelea. Nadhani hakuna askari aliyefaulu kuwafungisha watu vioo vya kofia kuliko walivyofaulu senene.

Katika mambo ya kuupunguza mtikisiko, waendeshaji wa njia ndefu wamefika mahali pale pale walipofika wenzao wa ulimwengu mwingine. Kofia yenye mdomo mrefu mbele, iliyotengenezwa kwa mashindano ya porini, hunyanyuliwa na upepo wa uso kwa uso, na akipindua kichwa kutazama nyuma upepo wa ubavuni huuvuta mdomo ule. Dawa yake ni kufungua skrubu na kuuondoa. Kioo cha mbele kinachofungwa juu ya taa humfaa yule ambaye ukingo wake humpiga kifuani, au yule ambaye kimemzidi kimo. Kikiishia usawa wa kidevu, visulisuli vyote huja kichwani, na ni afadhali kukishusha, kukilaza au kukiondoa kabisa ili apate hewa nyofu, ambayo ingawa ni nzito haitikisi. Na sponji ya ndani ikisha kulala kwa matumizi, kofia huanza kupwaya, na kofia inayopwaya hakuna umbo la kioo litakaloituliza.

Lakini barabara ya Bukoba na Muleba ina jambo lake ambalo kioo cha mbele hakilitibu. Mtu atokaye Rwamishenye mchana kwenda Muleba ana ziwa mkono wake wa kushoto, na upepo wa ziwani humpiga bega la kushoto kila atokapo kibanjani na kuingia rweya. Akirudi, humpiga la kulia. Mabaharia wa pwani wangelisema amekwenda na upepo wa ubavu, nao wana tanga la kuugeuza, naye hana. Waliozoea hupunguza mwendo kabla migomba haijaisha, hulegeza viwiko, huinama kidogo, na huacha nafasi ya kusukumwa bila kuvuka mstari wa katikati. Hapo hapo lori au basi likija kutoka mbele, humsukuma kwanza kwa ukuta wa hewa lililoubeba, kisha linapompita humvuta kuelekea kwake. Na yule aliyekuwa akisukumwa na ziwa kuelekea kulia, katikati ya barabara, amepata mvutano wa pili wa upande ule ule. Sababu za ajali barabarani ni nyingi, ila hii ya upepo husahauliwa, kwa kuwa upepo hauachi alama kwenye lami.

Nirudi kwenye sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, nayo inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ya kujikinga. Na mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, Uingereza ya Cairns nayo iliwalazimisha raia wake wote, miaka 32 baada ya jeshi. Kwa hiyo hatukuchelewa kuandika. Sheria yetu ilikaa muda mrefu bila watu wa kuihusu, maana pikipiki zilikuwa chache, na zilipokuja kwa wingi, zikafuatwa na kanuni za mwaka 2010 za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji, mazoea yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Dereva alivaa, abiria akapanda kichwa wazi. Na kama kofia ya pili ilikuwapo, ilining'inia mkononi mwa dereva au kwenye usukani mpaka askari aonekane.

Na abiria ndiye anayestahili kuangaliwa kuliko wote, kwa sababu za upepo pia. Yeye hukaa juu zaidi kuliko dereva, nyuma ya kichwa kinachokata hewa, katikati kabisa ya visulisuli. Kofia yake ni moja kwa watu wote, yule mwenye kichwa kidogo na yule mwenye nywele za kusuka au kilemba. Mkanda wake mara nyingi umekatika kishikizo, na asipofungwa, kofia hunyanyuka, humziba macho, na kila dereva akishika breki hugonga kofia ya mbele. Mama mwenye mtoto mgongoni, anayekwenda kliniki Rubya au Kagondo, atumie mkono gani kuishika? Wengi huivua na kuipakata, wala mimi siwalaumu, maana kofia waliyopewa haikuwa yao. Nailaumu desturi iliyomfanya dereva anunue kofia nzuri kwa kichwa chake na ile ya bei ya chini kabisa kwa kichwa cha mtu anayemlipa.

Basi ombi langu ni kwa wenye vijiwe na vyama vyao, kuanzia Bukoba mjini, Rwamishenye na Kemondo mpaka Kamachumu, Nshamba na Muleba: kila pikipiki iwe na kofia ya abiria yenye kioo kizima, sponji isiyolala na kishikizo kinachofunga, na pale kijiweni ziwepo za vipimo viwili au vitatu ili mtu achague inayomkaa. Nawe abiria unayesoma haya, funga mkanda wa kidevuni kabla dereva hajaondoa mguu chini, tikisa kichwa mara moja uone kama kofia inakifuata, na ikiwa inapwaya mwambie pale pale, kabla hamjatoka migombani.